Kimya cha Lumbwa

Mwaka 1983 ulikuwa Mwaka Mtakatifu kwa Wakatoliki. Papa Yohane Paulo II alikuwa amefungua jubilei ya Ukombozi mwezi wa Machi, na katika parokia yetu ya Kimilili kila kikundi kilikuwa na wazo lake la kuiadhimisha. Akina mama walitaka hija. Kwaya ilitaka sare mpya. Padre wetu, mmisionari wa Mill Hill ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisimama baada ya misa akatangaza jambo ambalo hakuna aliyeliomba: likizo ya Agosti angewapeleka walimu na makatekista kwenye mafungo ya kimya kwa watawa Watrapisti wa Lumbwa, kule Kipkelion, kupita Kericho.

Mafungo tulikuwa tunayajua. Ya Kwaresima yalifanyika kanisani kwa siku moja: mawaidha asubuhi, mawaidha kabla ya chakula, ugali na maharagwe chini ya miti, kitubio, mawaidha tena, wimbo, nyumbani. Tuliyapenda, na hadi leo nayaheshimu. Ila kimya ndani yake kilikuwa zile dakika chache za kungoja zamu ya kuungama. Mtu kushinda siku nzima bila kuzungumza na mwenzake, akala bila kuzungumza, akaamka bila kumwuliza jirani ameamkaje, hilo kwetu lilifanana na uhasama. Mbukusu hapunguzi salamu. Ukimpita mtu njiani bila kumpa "mulembe", jioni atakuja nyumbani kwako kuuliza kumetokea nini.

Kipo kimya kingine tulichokuwa nacho wakati ule, na bila kukieleza kijana wa leo hatanielewa. Jaribio la kuipindua serikali lilikuwa limetokea tarehe 1 Agosti 1982. Mwaka mmoja baadaye hofu ilikuwa bado mbichi. Mei 1983 Rais Moi alisema hadharani kwamba kuna mtu anayeandaliwa na mataifa ya nje atwae madaraka, na neno "msaliti" likaingia katika kila kinywa. Jina la waziri Charles Njonjo likatajwa, uchaguzi ukaitishwa mapema, tarehe 26 Septemba, na Agosti ile barabara ya Kimilili ilijaa magari yenye vipaza sauti. Nje watu walipaza sauti kuhusu wasaliti. Ndani ya hoteli ya chai mgeni akiingia, meza nzima ilinyamaza. Mwalimu alijifunza kusikiliza nusu ya sentensi na kuiacha nusu nyingine ipite, kwa sababu kuisikia yote kungeweza kumfanya shahidi. Huo ndio ukimya niliousomea. Nilipopanda Landirova ya misheni kwenda Lumbwa, nilidhani kunyamaza ni kujificha.

Tulipita Webuye tukifunika pua kwa harufu ya kiwanda cha karatasi, tukashuka Kakamega hadi Kisumu, tukapita mashamba ya mpunga ya Ahero, tukapanda tena mpaka kwenye majani ya chai ya Kericho, ambako baridi ilitufanya tuanze kufungua mifuko kutafuta sweta. Njia nzima tuliimba na kubishana siasa kwa mafumbo. Tulipofika lango la watawa padre alizima injini, akageuka, akasema kwamba kuanzia hapo hadi Jumapili mchana hatazungumza na sisi wala sisi na yeye, isipokuwa anayeumwa.

Monasteri ile, Bikira Maria wa Victoria, ilianzishwa mwaka 1956 na watawa waliotoka Tilburg, Uholanzi. Watrapisti ni wafuasi wa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, na Kanuni hiyo inaanza kwa kumtaka mtawa asikilize kabla haijamwagiza jambo lingine lolote. Inaagiza pia mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Watu wengi hudhani Watrapisti wameweka nadhiri ya ububu. Hawajaweka. Husema inapolazimu, kazini au kwa mgeni, na kwa karne nyingi walikuwa na ishara za mikono za kuombana jembe na chumvi. Tuliwakuta Waafrika na Wazungu pamoja, wakiamka usiku wa manane kwa sala ya vijilia, wakirudi kanisani mara kwa mara hadi jioni, na katikati ya sala wakifanya kazi kama wakulima wengine wowote. Sala ya mwisho ilimalizikia gizani kwa wimbo wa Bikira Maria, kisha hakuna aliyesema neno hadi alfajiri.

Sisi wageni tulipewa vyumba vidogo: kitanda, meza, kiti, msalaba, dirisha. Asubuhi mtawa mmoja Mholanzi, mzee, alitusomea sehemu fupi ya Injili, akaeleza kwa dakika chache, akaondoka. Mchana mtu aliyetaka angeweza kuzungumza naye kwa faragha kwa muda mfupi. Muda wote uliobaki ulikuwa wetu.

Siku ya kwanza nililala. Nalitaja hili kwa sababu wanaoniuliza huona aibu kulala kwenye mafungo. Mwili wa mwalimu wa shule ya msingi mwishoni mwa muhula una deni, na deni hilo ndilo linalodai kwanza. Mtawa mzee alilijua. Alituambia tulale, na kwamba Mungu hana haraka.

Siku iliyofuata ndiyo iliyokuwa ngumu, na hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulishuhudia. Wakati huo mimi na mdogo wangu tulikuwa na kesi ya mpaka. Baba alikuwa ametuachia shamba moja la mahindi na kahawa kidogo, na mpaka ulipita kwenye mti wa lusiola ambao kila mmoja wetu aliuhesabu kuwa wake. Wazee walikuwa wamekaa mara kadhaa bila mafanikio. Nyumbani sikuiwaza kesi hiyo sana, au niseme niliiwaza katikati ya mambo mengine. Lumbwa hakukuwa na mambo mengine. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba ya wageni nikaanza kumjibu ndugu yangu kichwani. Alisema, nikamjibu. Akasema tena, nikaleta shahidi. Nikawapanga wazee, nikawapa maneno, nikashinda kesi. Kisha kesi ikaanza upya, nikashinda tena. Ilikuja wakati wa chakula mtu akitusomea kitabu kwa sauti nasi tukila, ikaja kanisani wakati wa zaburi, ikaniamsha usiku. Nilimshinda ndugu yangu mpaka nikachoka kushinda.

Nilipochoka nikaona jambo ambalo, nina hakika, nisingeliona Kimilili hata kwa miaka 10. Katika kesi zote hizo nilizoziendesha, maneno ya ndugu yangu nilikuwa nikiyatunga mimi. Nilipojaribu kukumbuka alichokisema kwa kinywa chake mbele ya wazee, nilikumbuka sentensi ya kwanza tu. Baada ya hapo nilikuwa nikitayarisha jibu.

Nilimweleza mtawa mzee. Hakunipa mafundisho. Aliuliza ndugu yangu anaitwa nani, na alipokuwa mtoto alipenda nini. Swali la pili lilinishika. Nikamwambia alipenda ng'ombe. Akatikisa kichwa, akasema ataliweka jina lake katika sala ya jioni, muda wetu ukaisha. Siku mbili zilizobaki zilikuwa nyepesi. Nilisikia ndege ambao nadhani walikuwepo tangu nifike. Nilikula polepole. Nilianza kumtambua kila mwenzangu kwa hatua zake kwenye ukumbi, na mtu niliyefundisha naye darasa la jirani kwa miaka mingi, ambaye nilimdhania mwenye majivuno, nilimwona akipiga magoti peke yake kwa muda mrefu huku mabega yakitikisika. Sikumuuliza kitu, wala yeye hakunieleza, lakini tangu Jumapili ile tumekuwa kama ndugu wa tumbo moja.

Tuliporudi nikaomba wazee wakae tena. Nilimwomba mdogo wangu aanze, na nikaahidi mbele yao kwamba sitamkatiza. Alizungumza tangu chai hadi jua lilipoanza kuinama. Mti wa lusiola aliutaja mara moja. Maneno mengine yote yalihusu mtamba. Baba aliuza mtamba wake, aliyemchunga yeye mwenyewe na kumwita jina, ili nipate karo ya sekondari. Yeye akaacha shule, akabaki na mifugo, na hakuna siku hata moja mtu yeyote katika ukoo alilisema hilo hadharani. Mzee mmoja alivua kofia, akasema, "Mwanangu, leo tumekusikia." Mwaka uliofuata nilitoa mtamba. Mpaka ulibaki pale pale ulipokuwa, na lusiola ule uko hadi leo, tunapumzika chini yake sote.

Watu wakiniuliza faida ya mafungo, wanatarajia niseme amani. Amani ipo, lakini huja na kuondoka kama usingizi mzuri. Wengine siku hizi husema afya, na hawakosei: tangu 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu kutafakari katika chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, madaktari wamelichunguza jambo hili sana, na wengi hukubali kwamba linapunguza msongo wa mawazo. Mimi nilichokipata ni uwezo wa kumsikiliza mtu mpaka mwisho wa maneno yake. Huonekana kitu kidogo. Kwa mwalimu, kwa katekista, kwa mtu yeyote anayeishi katika mji ambao kila mtu ana neno la kusema, ni mali kubwa kuliko shamba.

Wala kimya hicho si cha Watrapisti peke yao. Mama yangu alizaliwa katika nyumba ya Friends, yaani Marafiki au Wakweka, na ingawa Marafiki wa huku kwetu huimba sana, alitufundisha kwamba waanzilishi wa dini ile kule Uingereza walikaa kimya katika ibada hadi mmoja aguswe kusema. Mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka la nguo Kimilili alikuwa akiliacha duka mikononi mwa wanawe siku 10 za mwisho wa Ramadhani, akaingia itikafu, yaani kujitenga msikitini kwa ibada. Nilipomsimulia habari za Lumbwa alicheka kwa furaha, akasema, "Mwalimu, basi tumepita njia moja." Na Wabukusu wenyewe wana kumuse. Mzee mwenye heshima akishazikwa, omuswali husimama katikati ya umati, akitembea huku na huko na fimbo yake, akisimulia ukoo, akiwaonya walio hai. Nilimsikiliza Manguliechi, aliyesifika kuliko wote katika kazi hiyo. Muda wote anaposema hakuna anayesimama, hakuna anayepita, hata mtoto hufundishwa kutulia. Umati mzima kukaa kwa saa nyingi ukimsikiliza mtu mmoja: hiyo ni shule, tulikuwa nayo kabla ya misheni, na naumia kuona vijana wakienda kwenye kumuse na simu mkononi.

Uwezo huo wa kusikiliza niliuhitaji zaidi mwaka 1992. Mapigano ya kikabila yaliyoanza Oktoba 1991 kwenye shamba la Meteitei, Nandi, yalikuwa yamesambaa hadi Trans Nzoia na Mlima Elgon. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliandika Septemba 1992 kwamba watu 779 walikuwa wameuawa nchini. Sisi tuliwaona walionusurika. Walishuka kutoka mlimani wakiwa na godoro kichwani, kuku chini ya kwapa, mtoto mgongoni. Watu wa Kimilili, na hili naliandika kwa fahari, walitoa unga, blanketi, vyumba. Lakini tulitoa pia maneno. Kila aliyefika alipokewa na mtu wa kumwambia ashukuru Mungu yuko hai, amsamehe adui, aangalie mbele. Niliwaona wakiinamisha vichwa na kunyamaza, na ukimya ule niliutambua. Ulikuwa ule wa hoteli za chai mwaka 1983.

Wale wachache tuliokwenda Lumbwa tukakubaliana jambo. Tungekaa nao tu. Kila jioni tulibeba viti, kila mmoja akakaa na familia moja, bila daftari wala Biblia mkononi. Jioni za mwanzo hawakusema. Kisha bwana mmoja kutoka upande wa Cheptais akaanza kunisimulia kuhusu fahali wake. Alinisimulia habari za fahali huyo jioni nyingi, rangi yake, jinsi alivyolima, jinsi alivyoogopwa. Nilimsikiliza kila mara kama ni mara ya kwanza. Baada ya majuma kadhaa, katikati ya habari za fahali, akataja mwanawe. Jioni hiyo alisema yote. Sitayaandika, si yangu. Mke wake aliniambia kesho yake kwamba alikuwa amelala usiku kucha, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu wakimbie.

Baadaye sana, baada ya vita vya ardhi vya Mlima Elgon vya 2006 hadi 2008, Marafiki walileta huku kwetu warsha za siku 3 zilizoanzia Rwanda na Burundi, ambako watu waliotendeana mabaya hukaa duara moja na kusikilizana. Nilihudhuria nikiwa nimestaafu. Nilikuta mambo yale yale ya mtawa mzee, yakiwa yamepangwa vizuri zaidi. Nilifurahi mno.

Kimya chenyewe si dawa ya kila mtu, na anayesema ni dawa ya kila mtu hajakaa ndani yake. Mmoja wa kundi letu aliondoka Lumbwa kabla ya wakati kwa sababu kila alipotulia, mazishi ya mtoto wake yalirudi upya. Padre hakumzuia, alimpa nauli na akamtembelea nyumbani. Mtu mwenye jeraha bichi asipelekwe peke yake kwenye ukimya mrefu. Awe na wa kuzungumza naye kila siku, au angoje.

Lumbwa nilirudi mara kadhaa, mara moja na mdogo wangu. Yeye hakukaa chumbani hata kidogo. Alishinda kwa ng'ombe wa watawa, kimya, akaridhika kuliko sisi sote. Kisha ikaja Januari 2008. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba, Kipkelion iliwaka, na watu waliokimbia nyumba zao wakajazana kwa watawa. Watawa waliwapokea, kama Kanuni inavyoagiza. Lakini hatari iliwafikia wao pia, na mwaka huo huo jumuiya iliondoka, ikahamia Uganda. Zaidi ya miaka 50 ya sala za usiku zikakoma pale. Nilisikia habari hiyo nikiwa Bungoma mjini, nikaenda kukaa ndani ya kanisa kuu, na nilikuwa na hasira ambayo sijaimaliza. Ule mlango haukuwahi kumuuliza mtu kabila lake.

Leo mjukuu wangu, mwalimu kama mimi, Kitale, ananipigia simu kila juma kunieleza jinsi kichwa chake kisivyonyamaza. Darasa lina watoto wengi, simu inalia usiku, kwenye kundi la walimu ujumbe haukatiki. Juzi aliniuliza, "Kuka, wapi sasa panapofaa?" Nilimwambia Tigoni, karibu na Limuru, wapo Wabenedikto, nao hupokea wageni. Nilimwambia pia kwamba kama safari ni ndefu aanze na Matunda, si mbali na kwake, ambako Wabahai walifungua hekalu lao mwaka 2021. Halina mahubiri, na mtu wa dini yoyote huingia akakaa. Nimeshakaa humo, nikasali rozari yangu moyoni, na hakuna aliyenitazama vibaya.

Akaniuliza abebe nini. Sweta nzito, nikamwambia, maana Limuru ni baridi kama Kericho. Viatu visivyopiga kelele sakafuni. Simu aikabidhi langoni. Siku ya kwanza alale bila kuona haya. Ya pili akianza kushinda kesi na mtu kichwani, aache kesi iendelee hadi imchoshe, kisha ajiulize yule mtu alisema nini hasa. Asimwahidi mumewe kwamba atarudi amebadilika. Nusu ya nauli nitatoa mimi.